Abebe Bikila na Ujifunzaji wa Stadi za Mwili

Wanachuo wengi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Mpanda, Nsimbo, Inyonga au Karema huandaa masomo ya Hisabati na Kusoma kwa uangalifu mkubwa, kila hatua ikiwa na muda wake na kila zana ikiwa mahali pake. Kifikapo kipindi cha michezo, baadhi yao hutoa mpira, hupuliza filimbi na kwenda kukaa kivulini. Ukiwauliza sababu, aghalabu watakuambia kuwa mwili haufundishwi: mtoto mwenye kipaji atakimbia, asiyekuwa nacho hatakimbia, na mwalimu hana la kuongeza wala la kupunguza. Kauli hiyo tunaipinga. Na kwa kuwa ubishi wa maneno matupu hauna faida, tumechagua kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa kila inapozungumzwa habari ya kipaji, Abebe Bikila wa Ethiopia, ili mwanachuo apime mwenyewe ni kiasi gani cha maisha yale kilikuwa zawadi ya kuzaliwa na kiasi gani kilikuwa kujifunza. Sehemu ya kwanza ya maisha hayo yajulikana na watu wengi. Sehemu ya pili haisimuliwi sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwalimu.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Kwa sadfa, siku iyo hiyo mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa huko Los Angeles. Alikuwa angali mtoto mdogo Waitalia walipoivamia nchi yake mwaka 1935, na jamaa zake wakalazimika kuhamia mbali na vita. Alikua kama watoto wa wafugaji wanavyokua: kutembea mwendo mrefu, kupanda na kushuka vilima, na kucheza gena, mchezo wa fimbo zilizopinda ambao Waethiopia huucheza hasa wakati wa Krismasi yao, timu mbili zikigombania kigololo cha mti katika uwanja usiokuwa na mipaka ya kueleweka. Mchezo huo haukuwa na kocha. Lakini tusidhani kwamba haukuwa na mafunzo. Mtoto anayekimbia kwenye majani, kisha kwenye mawe, kisha kwenye tope, huku macho yakifuata kitu kinachokwenda, anafanya zoezi ambalo hakuna mwalimu angeweza kulipanga vizuri zaidi.

Mnamo mwaka 1952 alikwenda Addis Ababa akajiunga na Walinzi wa Mfalme, yaani kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie. Huko akakutana na Onni Niskanen, Mswidi aliyezaliwa Finland, ambaye alikuwa amefika Ethiopia mwaka 1946 na kupewa kazi ya kusimamia mazoezi ya vijana. Ikumbukwe kwamba Abebe hakuwa kijana mdogo alipoanza kufundishwa kukimbia kwa utaratibu. Alikuwa mtu mzima, askari, baadaye mwenye mke. Alikuwa amekimbia maisha yake yote, lakini kukimbia kwa kwenda mahali ni jambo moja, na kukimbia kilomita 42 na ushei kwa mwendo uliopimwa ni jambo lingine.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze jinsi wataalamu wanavyoona njia ya mtu anayejifunza stadi ya mwili. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Fitts na Posner, waliigawa njia hiyo katika vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza mtu huwaza kila tendo. Hujiambia moyoni mguu uende wapi, mkono uende wapi, na akisemeshwa hukosea. Katika kipindi cha pili makosa makubwa hupungua, naye huanza kuhisi mwenyewe lililo sawa na lisilo sawa. Katika kipindi cha tatu tendo hujiendea, akili ikabaki huru kushughulikia mambo mengine. Mtazame mrina asali wa misitu ya Mlele anayepanda mti na mzinga wa gome: macho yako kwenye tawi lililo juu, wala hafikirii kabisa vidole vya miguu. Kisha mtazame mwanawe anayepanda kwa mara ya kwanza, jinsi anavyotazama kila mahali anapokanyaga. Tofauti yao si kipaji. Baba ameipita njia ambayo mtoto ndiyo kwanza anaianza.

Niskanen alimpitisha Abebe njia hiyo. Alimpa mbio ndefu na mbio fupi za kasi zenye mapumziko kati yake, akamkimbiza vilimani na barabarani, akampima kwa saa. Mazoezi hayo yalifanyika mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 2,300, jambo ambalo bila shaka liliusaidia moyo na mapafu yake. Lakini hewa nyembamba waliivuta watu wote wa Addis Ababa, na si wote walioshinda.

Basi tufike Roma. Abebe aliingizwa katika timu ya Ethiopia. Viatu alivyopewa huko havikumkaa vizuri miguuni. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, yeye na mwalimu wake wakaona heri akimbie miguu mitupu. Tarehe 10 Septemba 1960, jua likiwa linakaribia kuchwa, akaanza mbio pamoja na wenzake. Alikuwa ameelezwa amchunge Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, atakayevaa namba 26. Kumbe Rhadi hakuvaa namba hiyo, alivaa 185. Abebe alimtafuta mtu wa namba 26 njia nzima, huku mtu wa 185 akikimbia ubavuni pake. Walipolikaribia jiwe refu la Aksum, mnara ambao Waitalia walikuwa wameuteka Ethiopia na kuusimamisha Roma, Abebe akaongeza mwendo kama walivyokuwa wamepanga, akamwacha mwenzake. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino, njia ikimulikwa na mienge ya askari, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi kuliko huo. (Jiwe lenyewe lilirudishwa Ethiopia mwaka 2005.)

Kwa miaka mingi watu wameisimulia habari ya miguu mitupu kana kwamba ni muujiza, au kana kwamba Mwafrika hukimbia kama swala akimbiavyo, bila kujifunza. Simulizi hiyo yaonekana kumsifu, kumbe inamnyang'anya jasho lake. Miguu mitupu haikuwa ushamba wala ushujaa. Ulikuwa uamuzi wa kiufundi: stadi iliyokwisha kukomaa haipendi kubadilishiwa vifaa siku ya mtihani. Mwalimu anayempa mtoto kalamu ya wino kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani, ilhali mwaka mzima mtoto ameandika kwa penseli, hajauelewa uamuzi ule.

Desemba 1960 Walinzi wa Mfalme walijaribu kupindua serikali, jaribio likashindwa. Abebe alikuwa askari wa kikosi hicho lakini akasamehewa, akaendelea na mazoezi. Mwaka 1964 alitahiniwa upya. Wiki tano tu kabla ya marathoni ya Tokyo alipasuliwa kidole tumbo. Watu hawakutazamia hata kumwona akianza mbio. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa na viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha wa pili kwa dakika nne na zaidi, na kuwa mtu wa kwanza kuishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipovuka utepe hakuanguka. Alikwenda kwenye majani katikati ya uwanja, akajinyosha na kuinua miguu hewani, watazamaji wakimshangilia. Wengi walidhani anajionyesha. Sisi twaona mtu ambaye mazoezi ya kila siku yamekuwa sehemu yake hata baada ya kilomita 42 mwili wenyewe ukauliza zoezi la kumalizia.

Mexico, mwaka 1968, haikumwendea vizuri. Aliumwa mguu akatoka mbioni kabla ya nusu ya safari, na mwenziwe Mamo Wolde akashinda. Tunapita upesi hapo, kwa kuwa jambo kubwa lilikuwa mbele.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo, Volkswagen, alilotunukiwa kwa ushindi wake, katika njia itokayo Addis Ababa kuelekea kaskazini mashariki. Gari likaacha barabara, likapinduka. Alinaswa ndani yake hadi asubuhi. Alipotolewa hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Madhara yalikuwa shingoni. Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe, ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha habari za mwili ubongoni. Ugwe ukijeruhiwa, sehemu zote zilizo chini ya jeraha hukosa amri. Misuli yenyewe haijafa, mifupa ni mizima, lakini mjumbe hafiki. Siku chache baadaye Abebe alipelekwa Uingereza kwa ndege, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi ipatayo minane.

Yafaa tueleze hospitali hiyo ilikuwa nini, kwa sababu mwenye kuianzisha huduma ile alikuwa, kwa maoni yetu, mmoja wa walimu wakubwa wa karne iliyopita, ingawa hakupata kufundisha darasani kama sisi. Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1899, akakimbilia Uingereza mwaka 1939 kwa sababu ya mateso ya Wanazi. Mwezi Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya watu waliojeruhiwa ugwe wa mgongo. Wakati ule watu kama hao walihesabiwa kuwa wafu wasiozikwa. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya figo. Guttmann aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na njia ya mkojo itunzwe kwa usafi mkubwa. Hilo liliwazuia wasife. Kisha akafanya jambo la pili lililowashangaza wenzake: aliwapa kazi. Asubuhi waende karakana, mchana wafanye mazoezi ya viungo, jioni wacheze. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde kwa watu 16 waliokaa katika viti vya magurudumu. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, yakianza tarehe 18 Septemba, yaani siku 8 tu baada ya Abebe kupita katika mji huo kwa miguu yake. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza.

Kwa nini upinde? Si kwa kuwapotezea muda. Mtu aliyepooza kiuno hadi miguu hukosa kitu ambacho mzima hajui kama anacho: uwezo wa kukaa wima bila kuanguka. Lakini upo msuli mpana wa mgongo unaotoka mkononi karibu na bega na kushuka hadi nyongani. Amri zake hutoka shingoni, juu ya majeraha mengi ya mgongo, lakini mkia wake umeshikana na sehemu iliyopooza. Ukiutumia msuli huo na wenziwe, waweza kujifunza kusimamisha kiwiliwili kwa njia ambayo hukuwa ukiitumia hapo kwanza. Avutaye upinde hana budi kuutumia, na hana budi kujisawazisha wakati mikono yote miwili iko kazini. Mgonjwa alidhani anajifunza kupiga shabaha; kumbe alikuwa anajifunza kukaa.

Abebe alianza chini ya hapo, kwa kuwa awali hata mikono haikumtii. Tusichanganye mambo mawili yaliyotokea katika miezi ile. Jambo la kwanza ni kupona kwa maana ya kawaida: uvimbe na mshtuko wa ugwe hupungua, na baadhi ya amri zilizokuwa zimezuiliwa hupita tena. Hivyo ndivyo mikono yake ilivyorudi kidogo kidogo, na miguu haikurudi kamwe. Jambo la pili ni kujifunza. Mkono uliorudi haukurudi na maarifa ya kusukuma kiti, ya kuinua mwili mzima kutoka kitandani, ya kujigeuza usiku. Hayo yalikuwa masomo mapya kabisa, na bingwa wa dunia aliyaanza darasa la kwanza, akikiwaza kila kitendo, akikosea mbele ya watu. Dawa haiwezi kumfundisha mtu kuhama kutoka kitandani kwenda kitini. Wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo waliweza, nao walifanya hivyo kwa njia ambazo mwalimu yeyote angezitambua.

Njia hizo zimechunguzwa sana tangu wakati huo, na uchunguzi umewarekebisha wataalamu katika mambo ambayo sisi walimu nasi twayakosea kila siku. Tutataja machache.

Mrusi Nikolai Bernstein, aliyeishi toka 1896 hadi 1966, alipewa kazi miaka ya 1920 huko Moscow ya kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyopiga nyundo. Aliwafunga taa ndogo kwenye viungo vya mkono, akawapiga picha wakifanya kazi. Alitazamia kwamba fundi hodari hurudia tendo lile lile bila kubadilika. Akaona sivyo. Nyundo ilifika palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kifundo vilisaidiana kwa namna iliyotofautiana kila pigo. Mhunzi wa Ufipa au wa Mpanda angemwambia hayo bila picha, lakini Bernstein aliyathibitisha. Kufanya mazoezi si kurudia jibu. Ni kurudia kulitafuta jibu la swali, na kila mara swali limebadilika kidogo. Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya viungo anayemfundisha mgonjwa kuinuka kitini hatumii kiti kimoja siku zote. Hutumia kiti kirefu, kifupi, chenye mikono, kisicho na mikono, na mwisho kigoda cha nyumbani.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Shea na Morgan, waliwafundisha watu mijongeo mitatu ya mkono, ya kuangusha vibao kwa mpangilio maalumu. Kundi moja lilimaliza zoezi la kwanza lote, kisha la pili, kisha la tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi, na mkaguzi angelipa alama nyingi. Lakini walipopimwa dakika 10 baadaye, na tena siku 10 baadaye, wale waliochanganyiwa ndio waliokumbuka zaidi. Kipimo cha kujifunza, basi, si vile mwanafunzi anavyofanya mbele yako leo, bali vile atakavyofanya Jumatatu ijayo wewe ukiwa haupo. Tuongeze tahadhari: uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa watoto wadogo na kwa wanaoanza kabisa, kuchanganya mno huvuruga, na matokeo nje ya maabara si makubwa daima kama yale ya ndani. Mwalimu aanze na zoezi moja hadi mtoto alipate umbo lake, kisha ndipo achanganye.

La tatu ni habari ya kusahihisha. Twapenda kumwambia mtoto kosa lake kila anapotenda. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt walionyesha kwamba watu walioambiwa matokeo yao nusu tu ya mara walikumbuka vizuri zaidi siku iliyofuata kuliko walioambiwa kila mara. Sababu yake si ngumu. Anayeambiwa kila mara huacha kujisikiliza. Mwalimu akiondoka, kipimo chake kimeondoka naye. Mwanafunzi wa tiba ya viungo anayejifunza kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hufundishwa vivyo hivyo siku hizi: asaidiwe sana mwanzoni, kisha aachwe ajitathmini kabla mwalimu hajasema, kwa kuwa wodini atakuwa peke yake. Hapa Tanzania mafunzo ya fani hiyo yametolewa kwa miaka mingi huko Moshi, katika chuo kilichoko KCMC, na mtu anayetoka Katavi kwenda kusoma huko husafiri karibu nchi nzima.

Katika miaka ya 1980 Janet Carr na Roberta Shepherd wa Australia waliyaunganisha mawazo ya namna hii katika mpango wa kuwafundisha upya watu waliopooza kwa kiharusi. Walisisitiza kuwa mgonjwa ni mwanafunzi, wala si mzigo wa kunyoshwanyoshwa. Na kwamba anayetaka kuinuka afanye zoezi la kuinuka, anayetaka kushika kikombe afanye zoezi la kushika kikombe. Jambo hilo laonekana dogo hadi mtu akumbuke ni wagonjwa wangapi walilala chali kwa miezi wakikunjwa na kukunjuliwa miguu na mikono ya mtu mwingine.

Tumrudie Abebe. Julai 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville katika kulenga shabaha kwa upinde na katika mpira wa meza. Aprili 1971 alikwenda Norway katika michezo ya walemavu, akashindana tena katika michezo hiyo miwili, na zaidi ya hapo akaingia mbio za kilomita 25 za sleji juu ya theluji, chombo kikivutwa na mbwa. Mtu wa Shewa, asiyeweza kutembea, katika theluji ya Norway, akawashinda wengine wote. Twakiri kwamba tukio hili lingetosha kuandikiwa makala yake lenyewe. Hakuwa na miguu, wala hakuwa amekulia na mbwa wa sleji. Alichokuwa nacho ni mikono iliyofundishwa, kiwiliwili kilichojifunza kukaa wima chombo kikiyumba, na mazoea ya muda mrefu ya kugawa nguvu katika mwendo mrefu. Hilo la mwisho alilipata akiwa mzima, nalo halikuvunjika pamoja na shingo.

Sasa tuyalete mambo haya Mpanda. Katika wilaya za mkoa wa Katavi, kama kwingineko nchini, wapo watoto walioanguka kutoka kwenye miembe, waliogongwa na pikipiki, waliozaliwa na ulemavu wa ubongo unaokaza misuli. Baadhi yao hufika hospitalini, hufanyiwa mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha hurudi Mwese au Usevya au Katumba, mbali na mtaalamu yeyote. Kuanzia siku hiyo mtu atakayekuwa karibu na mwili wa mtoto huyo saa nyingi, baada ya wazazi wake, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu si mtaalamu wa tiba, wala asijitie kunyosha kiungo au kubuni matibabu. Hilo twalikataza kwa nguvu zote. Lakini yale aliyoelekezwa mzazi hospitalini aweza kuyauliza na kuyapangia nafasi katika siku ya shule.

Kwa mfano, mtoto aliyefundishwa kuinuka bila kushikwa asiinuliwe na wenziwe kwa huruma kila kipindi. Huruma hiyo humnyima zoezi lake, na zoezi la mara 10 kwa siku darasani, kwenye dawati halisi, laweza kuzidi faida ya safari moja ya mwezi kwenda mjini. Mwalimu amwachie muda, hata kama darasa linangoja. Aseme mara chache, na atakaposema aelekeze macho ya mtoto kwenye lengo, tuseme ukingo wa dawati au ubao, kuliko kwenye goti lake; uchunguzi mwingi tangu miaka ya 1990 waonyesha kwamba anayefikiria lengo hujongea vizuri zaidi kuliko anayefikiria kiungo. Wakati wa michezo asiwekwe kando kuhesabu magoli. Wenzake wakirusha mpira wa matambara kwenye tundu la tairi, naye arushe, akiwa ameketi, na umbali ubadilishwe mara kwa mara.

Na mtoto asiye na ulemavu wowote, anayejifunza kuumba herufi au kuruka kamba, anafuata kanuni zile zile. Mwanachuo anayetaka kujaribu aandae vipindi viwili vya kurusha na kudaka, kimoja cha umbali mmoja na kimoja cha umbali unaobadilika, kisha arudi kupima baada ya wiki moja badala ya kupima siku ile ile. Andalio la namna hiyo twalipa uzito sawa na andalio la Hisabati.

Mwaka 1972 Abebe alialikwa Munich kuwa mgeni wa heshima wa Michezo ya Olimpiki. Aliyeshinda marathoni mwaka huo, Frank Shorter wa Marekani, alimwendea alipokuwa ameketi katika kiti chake cha magurudumu, akampa mkono. Jeraha la shingo lakini halikuwa limemaliza kazi yake. Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, madhara yaliyohusishwa na ajali ile ya miaka minne iliyotangulia. Alikuwa na miaka 41 na cheo cha kapteni. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo, na makumi ya maelfu ya watu wakafuata jeneza hadi makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yosefu.